Barabara ya Lubero na mwizi wa esansi yetu



Kamati iliniomba niandike juu ya safari ya Lubero, ile niliyofanya juu ya pikipiki ya chama chetu. Wengi wenu mnajua sababu iliyonipeleka. Kwa wale wasioijua, nitaanza na aibu yangu, kisha nitasimulia barabara, kisha nitaandika mambo ya kabureta na esansi ambayo kila mama mwenye kupanda pikipiki, ao mwenye mtoto anayeendesha, anapashwa kuyajua.

Pikipiki ile tuliinunua kwa akiba ya miaka miwili. Kila mama alileta kidogo chake kila juma, hata wakati wa kulipa masomo ya watoto. Kazi zake ni mbili: kubeba viazi, maharagi na poro siku za soko, na kupeleka mama mjamzito kwenye maternite saa yoyote, usiku ao mchana. Kijana wa dada yangu ndiye tuliyemkabidhi kuiendesha. Mimi ni mweka hazina. Ninaandika katika daftari lita ngapi za esansi zimeingia na kilometa ngapi zimetembea.

Kutoka Butembo mpaka Lubero ni karibu kilometa 45. Kwenda na kurudi ni 90. Pikipiki ndogo kama yetu, ikiwa na afya, lita moja inaipeleka kilometa 35 ao 40 kwenye barabara nzuri. Kwa milima yetu, matope na mzigo, tuseme 30. Basi kwenda Lubero na kurudi ingepashwa kunywa lita 3. Daftari yangu ilikuwa inaonyesha lita 5, na safari nyingine zaidi. Nikamwuliza kijana. Akasema: “Mama mkubwa, moto hii inakula.” Nikamjibu kwamba moto haina mdomo. Alipozidi kukataa, nilisema mbele ya kamati neno ambalo mama hapaswi kumwambia mtoto wa dada yake. Nilisema “mwizi”. Dada yangu alisimama, akafunga kikwembe chake, akatoka. Miezi miwili hakunisalimia, hata sokoni.

Halafu ikafika usiku ule mnaoujua. Mmoja wetu alishikwa na uchungu. Pikipiki ikazimika mara ya kwanza, ikaamka, ikazimika tena, ikakataa kabisa. Mama yetu alizaa kando ya barabara, chini ya mikaratusi, wenzake wawili wakishika tochi ya simu na kumzungushia vikwembe. Mungu asifiwe, mama na mtoto ni wazima. Lakini tuliogopa sana. Katika mkutano uliofuata sauti nyingi zilisema: tuuze pikipiki, tugawane feza. Wengine wakasema: kabla ya kuuza, mmoja wetu aende nayo safari moja nzima, aone kwa macho yake mahali esansi inapoishia. Niliinua mkono. Nilitaka kumkamata mwizi.

Asubuhi ya kutoka

Tulitoka siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi. Mnajua Butembo saa hiyo: ukungu umelala juu ya mabati, baridi inaingia katika mikono, na wanaume wanashuka na chukudu zilizojaa makala na mbao, mguu mmoja chini kama breki. Kando ya barabara, wauza esansi wanaoitwa kadhafi wamekwisha kupanga chupa zao juu ya meza. Jua likizipiga chupa hizo, unaona rangi: moja nyeupe, nyingine ya njano, nyingine kama chai ya rangi. Zote zinaitwa esansi.

Nilianza kufikiri juu ya safari ya ile esansi yenyewe. Inashuka katika meli Mombasa, inapita Kenya nzima na Uganda nzima, inavuka mpaka Kasindi, inapanda kwa Beni, inafika kwetu. Njiani inatoka katika lori, inaingia katika pipa, kutoka pipa inaingia katika bidoni, kutoka bidoni katika chupa, na kila mara inapita katika mrija ao koroboi la kumiminia ambalo liliwekwa chini jana. Kila chombo kinaiachia uchafu wake kidogo. Sisi wamama tunajua habari hiyo kwa maji ya kunywa. Maji yanaweza kutoka safi kwenye chemchemi, yakachafuka katika ndoo.

Hatukuwa tumetembea nusu saa, pikipiki ikaanza kukohoa, ikapunguza nguvu kama mtu anayesinzia, ikazimika. Kijana hakushangaa. Alishuka, akafungua kifuniko cha tanki. Nilisikia sauti: psss. Akafunga, akasubiri kidogo, akapiga kiki, ikaamka.

“Umefanya nini?” nikamwuliza.

“Sijui, mama mkubwa. Kila mara ikizimika hivi nafungua kifuniko, inakubali.”

Nikaandika katika daftari: “Inazimika, kifuniko, psss, inaamka.” Sikujua kwamba nimeandika dawa ya ugonjwa wa kwanza.

Kwa fundi wa Musienene

Tulipofika Musienene harufu ya esansi ilikuwa inapanda mpaka kwenye pua zetu, na suruali ya kijana ilikuwa na doa karibu na goti. Kando ya barabara kuna mzee fundi, kibanda chake ni mabati manne na mikaratusi miwili. Nilimwambia: “Papa fundi, hii pikipiki ni mgonjwa, na mimi nimekuja na daftari.”

Alicheka. Lakini hakushika funguo hata moja. Alikaa juu ya tairi la zamani, akaanza kuuliza maulizo, kama vile muuguzi anavyouliza mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Asubuhi inaamka upesi ao inasumbua? Inazimika ukiachilia gazi, ao ukiongeza gazi wakati wa kupanda? Moshi ni mweusi? Asubuhi unakuta chini yake pamelowa? Usiku unafunga robine ya esansi?

Kwa ulizo la mwisho kijana aliangalia chini. “Hapana, papa. Naiacha wazi.”

Fundi akanigeukia. “Mama, wewe unawasha mbabula kila siku. Mbabula inataka vitu gani?” Nikajibu: makala, upepo na moto. Akasema: “Injini pia ni vile vile. Esansi ndiyo makala. Hewa ndiyo upepo. Buji ndiyo kiberiti. Na kabureta ni mkono wa mama anayepima: makala kiasi, upepo kiasi. Kwa kilo moja ya esansi, injini inataka karibu kilo 15 za hewa. Ukizidisha esansi, inatoa moshi mweusi na kukula feza. Ukizidisha hewa, inapata joto kali na inakosa nguvu.”

Basi akaanza kazi, na alikuwa anatuonyesha kila kitu.

Kwanza alikagua kifuniko cha tanki. Kina tundu dogo sana la kupumulia. Esansi ikishuka, hewa inapashwa kuingia mahali pake, la sivyo tanki inanyonya yenyewe na esansi inasimama. Jaribu kuziba chupa ya maji iliyopinduliwa: maji hayatoki vizuri. Tundu letu lilijaa matope yaliyokauka. Ile psss ilikuwa hewa inayoingia kwa nguvu. Alilisafisha, akalipuliza kwa mdomo mpaka hewa ikapita.

Pili aliomba chupa nyeupe isiyo na rangi. Muuza viazi aliyekuwa karibu alimpa yake. Fundi akaweka chupa chini ya kabureta, akalegeza visi ndogo iliyo chini ya kikombe chake, esansi ikashuka. Akainua chupa mbele ya jua, akaniita. Chini kabisa kulikuwa na matone yanayozunguka kama shanga, hayachanganyiki na esansi. “Haya ni maji,” akasema. “Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini. Na mahali esansi inapotoka kuingia katika injini ni chini pia. Injini haiwezi kuwasha maji.”

Akauliza: “Esansi yenu mnaiweka wapi?”

Wamama, hapo ndipo daftari ilianguka mkononi mwangu. Esansi ya chama inakaa kwangu. Niko na bidoni nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa mabati, mahali maji ya mvua yanaposhukia. Kifuniko chake kilipasuka siku nyingi, nilikifunika kwa mfuko wa plastiki na kamba. Tena, kwa kutafuta kuokoa feza za chama, nilikuwa ninanunua ile ya bei ya chini, bila kuitazama rangi. Maji yaliyomwacha mama yetu barabarani usiku ule yalitoka nyumbani kwangu.

Sikusema kitu wakati ule. Fundi aliendelea.

Mwizi anapatikana

Alifungua kikombe cha kabureta. Ndani mna kitu chepesi kinachoelea, wao wanakiita floteri, na juu yake kuna sindano fupi, pwanto. Kazi yao ni kama ya kile kielea kilicho katika tanki ya maji: esansi ikijaa, floteri inapanda, sindano inaziba njia. Esansi ikipunguka, floteri inashuka, njia inafunguka. Lakini uchafu kidogo, hata punje ya mchanga, ukikaa kwenye ncha ya sindano, njia haizibiki tena. Esansi inajaa, inapita kiasi, inatoka kwa mrija mdogo wa chini na kumwagika. Robine ikiwa wazi usiku kucha, inatona tone kwa tone mpaka asubuhi. Udongo unakunywa, jua linakausha, na mweka hazina anaandika katika daftari kwamba lita mbili zimepotea.

Fundi alitoa ile sindano, akaiweka juu ya kidole chake. Ni ndogo kama punje ya mchele. Kijana aliitazama, halafu akanitazama. Hakusema neno. Nami nilikosa la kusema.

Uchafu ulikuwa mahali pengine pia. Ndani ya kabureta mna vitu vya shaba vyenye tundu jembamba, vinaitwa jigleri. Ndogo inalisha injini wakati wa ralanti, yaani ukiwa umeachilia gazi. Kubwa inalisha wakati wa gazi nyingi. Ile ndogo yetu ilikuwa imezibwa nusu. Ndiyo sababu pikipiki ilikuwa inazimika kila mara kijana akisimama, na ilitaka starteri ivutwe hata ikiwa imepata joto. Mwanafunzi wa fundi alileta waya ili azibue. Mzee alimkataza. Shaba ni laini, waya unapanua tundu, na tundu likipanuka pikipiki itakunywa zaidi mpaka ununue jigleri mpya. Aliiosha kwa esansi safi, akapuliza kwa pampu ya tairi, akaielekeza kwenye jua mpaka tukaona mwanga ukipita upande wa pili.

Filtri ya hewa ilikuwa imejaa vumbi na mafuta, nyeusi kama chungu cha sombe. Yetu ni ya sponji. Aliiosha kwa maji ya sabuni, akaikamua bila kuisokota, akaianika, halafu akaitia mafuta kidogo tu. Ile ya karatasi haioshwi kwa maji: inagongwa polepole na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na ikizeeka inabadilishwa. Aliongeza kwamba wamotari wengine wakiona filtri imeziba wanaitupa na kutembea bila filtri. Hiyo ni kuokoa leo na kulia kesho, sababu vumbi la barabara linasaga injini kwa ndani.

Mwisho akatoa buji. Ilikuwa na masizi meusi makavu. Alinifundisha kuisoma: rangi ya kahawa ya maziwa ni afya. Masizi meusi ni esansi nyingi ao hewa kidogo. Nyeupe sana ni hewa nyingi, na hiyo ni hatari ya kuunguza injini. Ikiwa imelowa esansi, injini imezama ao moto wa buji haupo.

Jambo moja lilibaki. Fundi aliuliza pikipiki ilinunuliwa wapi. Nikamwambia ilikuja kutoka upande wa Kasindi, na huko ndiko walikoipima. Akatikisa kichwa. Kasindi iko chini, karibu mita 1000. Butembo inapita mita 1700, na milima ya Lubero mahali pengi inapita 2000. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kabureta inaendelea kumimina esansi ya bondeni, lakini upepo wa mlimani haufiki kipimo. Ndiyo maana moshi unakuwa mweusi na nguvu inapunguka. Hata pikipiki nzima inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kila mita 1000 unazopanda, hakuna fundi wa kuzuia hiyo. Lakini kipimo cha esansi kinaweza kupunguzwa. Alisogeza kibano cha sindano ndefu ya ndani nafasi moja, akasema: “Hii mama asiiguse nyumbani. Hii ni ya fundi.”

Kazi yote ilichukua saa mbili. Alituomba franka elfu kumi. Kabla yake, chama kilikuwa kimelipa zaidi ya dola 40 kwa vipande vipya ambavyo havikuponya kitu, sababu hakuna aliyeuliza maulizo kwanza.

Mpaka Lubero

Tulimimina ile esansi ya bidoni yangu yote, tukanunua nyingine kwa mtu ambaye fundi anamjua. Tukajaza tanki mpaka shingoni, nikaandika namba ya kilometa. “Mkirudi, jazeni tena mpaka hapo hapo,” fundi akasema. “Zile lita zinazoingia ndizo pikipiki imekunywa. Kipimo hicho hakidanganyi, na hakimshitaki mtu.”

Kutoka hapo nilianza kuona barabara. Kabla sikuwa nimeona kitu isipokuwa mgongo wa kijana na daftari yangu. Wamama, nchi yetu ni nzuri. Kati ya Butembo na Lubero tunavuka mstari wa ikweta, ule watoto wanaousoma shuleni kama mahali pa joto kali, na sisi tulikuwa tumevaa makoti. Vilima vinafuatana, kila kimoja kimelimwa mpaka juu: viazi, kabichi, poro, maharagi, na mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba. Wamama wanashuka na vitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na wanasalimia bila kusimama. Mahali palipo na matope mengi, vijana wamepanga miti na mawe, wanaomba kidogo ili uvuke. Pikipiki ilipanda bila kukohoa. Kwenye kilima kirefu ambapo zamani abiria wanashuka kutembea, kijana aliuliza: “Mama mkubwa, utashuka?” Nikasema tujaribu. Tulifika juu tukiwa wawili.

Lubero tulikuta soko limejaa. Kulikuwa pia na jamaa waliokimbia vita upande wa kusini, Kanyabayonga na kwingineko, wamama wenye watoto migongoni wakitafuta kibarua cha kuchuma viazi. Mmoja aliniuliza kama pikipiki yetu inaweza kumpeleka dada yake mjamzito kwenye hospitali siku ikifika. Niliandika namba yake. Wakati naiandika nilijua kwamba siwezi kurudi na kusema tuuze.

Tulirudi jioni na mzigo wa viazi. Pale Musienene tulijaza tanki tena. Ziliingia lita 2 na kidogo.

Kwa dada yangu

Sikupita nyumbani kwanza. Nilimwambia kijana anipeleke kwa mama yake. Dada yangu alikuwa anachambua maharagi mlangoni. Alinitazama, akaendelea kuchambua. Nilipiga magoti, nikamwambia: “Mwizi nimemkuta. Ni sindano ndogo kama mchele, na bidoni iliyo nyuma ya jiko langu. Mtoto wetu nilimchafua bure. Unisamehe.” Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasogeza ungo, akaniachia nafasi kwenye mkeka. Tulichambua maharagi pamoja mpaka giza.

Katika mkutano nilirudia maneno yale mbele ya wote, sababu neno la kumchafua mtu lilisemwa mbele ya wote. Kijana aliomba neno. Alisema: “Muandike pia kwamba robine nilikuwa naiacha wazi, na filtri sikuiosha tangu tuipate. Kosa ni letu wawili.” Hakuna aliyepiga kura ya kuuza.

Sasa wamama watatu tunajifunza kwa fundi siku ya sita, kila juma mbili. Tayari tunajua kumwaga maji ya kabureta, kuosha filtri na kusoma buji.

Mambo ya kushika nyumbani

Kila asubuhi ya safari ndefu, tazama chini ya pikipiki. Pakiwa pamelowa esansi, pwanto haizibi. Mara nyingine kugonga kikombe cha kabureta polepole kwa mshiko wa turnevisi kunaondoa uchafu, lakini peleka kwa fundi.

Funga robine kila unaposimamisha pikipiki usiku. Ikiwa pikipiki itakaa majuma mengi bila kutembea, mwaga esansi ya kabureta, sababu esansi ikizeeka inaacha gundi katika jigleri.

Ikizimika njiani, fuata mstari wa esansi kabla ya kununua kipande: kuna esansi katika tanki? Robine iko wazi? Kifuniko kinapumua? Esansi inafika katika kabureta? Ina maji? Halafu ndipo buji na filtri.

Esansi uliyonunua, iweke kwanza katika chupa nyeupe, iache itulie, tazama chini. Ukishuku kwamba wamechanganya petroli ya taa, dondosha tone juu ya karatasi safi: esansi inakauka bila kuacha alama, petroli inaacha doa la mafuta. Bidoni iwe na kifuniko kizima, ikae mbali na mvua na mbali na jiko. Na unapomimina, pitisha katika kitambaa safi.

Moshi wa esansi, ule usioonekana, ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na unaweza kufika kwenye mbabula iliyo mbali. Usifungue kabureta karibu na moto, taa ya petroli ao mtu anayevuta sigara. Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba iliyofungwa: hewa inayotoka nyuma inaua bila harufu ya kukuonya.

Na hili ni la wamama kuliko yote. Usiweke esansi ao petroli katika chupa ya maji ao ya juisi mahali mtoto anapofika. Mtoto akikunywa, usimtapishe na usimpe maziwa ao mafuta. Akitapika, esansi inaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize kwenye kituo cha afya pamoja na ile chupa. Mkubwa pia asinyonye esansi kwa mrija mdomoni, hata kama wote wanafanya hivyo.

Bidoni yangu ya zamani nimeitoboa chini, sasa inamwagilia poro. Mpya iko kwenye ghala la chama, na funguo iko kwa dada yangu.

Tukutane siku ya kwanza kama kawaida. Anayetaka kujifunza kabureta alete kikwembe cha zamani, sababu mikono itachafuka.